Nilisema "nitajitahidi", bosi wangu Mkenya akasikia "ndiyo"

#1 Mtoto wa Korogwe

Wakubwa shikamooni, rika langu mambo vipi.

Mwezi huu natimiza miezi 14 Nairobi. Niko na kampuni ya kusafirisha mizigo, ofisi ipo upande wa viwandani, kazi yangu ni makaratasi. Mzigo ukitoka Bongo, mimi ndiye wa kuhakikisha ukifika Namanga hakuna karatasi inayokosekana. Nilipopata hii kazi nilijiambia lugha haitanisumbua, nilichokuwa nakihofia ni Kiingereza. Kumbe Kiingereza hakijawahi kunigombanisha na mtu hata siku moja. Kilichonigombanisha ni Kiswahili, na mimi nimezaliwa nacho.

Vituko vidogo vilianza wiki ya kwanza. Nimeenda kibandani mchana, nikasema kama ninavyosema kwetu: "Samahani dada, naomba wali maharage." Yule dada akageuka, mwiko mkononi, akaniangalia kuanzia viatu. "Unaomba? Hapa watu wananunua." Kibanda kizima kikacheka. Hakuwa na ubaya, aliniongezea hata maharage, na mpaka leo nikitokea anapaza sauti: "Ombaomba wangu amefika!"

Nikaja kwenye chai. Jamaa wa meza ya jirani alinimwagia chai juu ya faili, akasema "Pole", akachukua kitambaa akapangusa. Nikasubiri samahani. Haikuja. Nikawaza huyu mtu ananipa pole kama vile chai imejimwaga yenyewe na yeye amekuja msibani! Nilinuna siku tatu. Baadaye sana ndipo nikagundua kwamba kwake "pole" NDIYO samahani yenyewe. Alishaniomba radhi tangu sekunde ya kwanza, mimi nikakaa na kinyongo changu bure.

Hayo ni ya kuchekesha. La vitunguu halikuchekesha.

Mwezi wa tatu mwaka huu kulikuwa na trela la vitunguu kutoka Mang'ola, tani 28, vile vyekundu kwenye magunia ya nyavu. Jumatatu bosi akapita mezani kwangu. Ni mama wa makamo, mchapakazi, maneno machache. "Karatasi za vitunguu zitakuwa tayari Alhamisi?"

Mimi nilikuwa najua kabisa hazitakuwa tayari. Wakala wa Arusha alishaniambia cheti cha afya ya mimea tusikitegemee kabla ya Ijumaa jioni. Lakini mtu mzima, tena bosi wako, kasimama mbele yako anakuuliza, utamkatalia hivihivi usoni? Nikainamisha macho, nikasema taratibu, "Nitajitahidi, bosi."

Akasema "Sawa" akaenda zake.

Kwa nilivyolelewa, pale nilikuwa nimeshamjibu. Mtu akikwambia "nitajitahidi" kwa sauti ya chini na macho yako sakafuni, unajua hakuna kitu, unauliza tatizo liko wapi. Yeye akapiga simu gari liondoke.

Alhamisi gari likafika Namanga. Siku hizi pale maofisa wa nchi zote mbili wanakaa pamoja, ukiwa na karatasi kamili huchelewi. Ukiwa huna, unalala kama walivyolala babu zetu. Dereva, mzee mmoja wa Kimeru wa Arusha, alikuwa ananitumia picha kila baada ya saa chache: maji yanadondoka chini ya trela, tone, tone. Jumamosi vitunguu vikaingia soko la Marikiti, mnunuzi akachoma kidole kwenye gunia moja, akanusa, akataja bei ambayo sitaiandika hapa.

Jumatatu nikaitwa.

"Si ulisema zitakuwa tayari?"

"Nilisema nitajitahidi."

"Na hiyo si ni ndiyo?"

Sikujibu. Akaniuliza tena, polepole, bila hasira, na kukosa kwake hasira ndiko kulikonikata maini: "Ulikuwa unajua Jumatatu?" Nikasema nilikuwa najua. "Na ukaniacha nikatuma gari."

Wakuu, nimekaa na hili swali wiki kadhaa. Nilikuwa namheshimu yule mama. Ndiyo maana sikumwambia hapana. Sasa nani kamkosea mwenzake?

#2 Kibanda Umiza

Naweka kiti hapa mbele, wa kuchelewa akae nyuma.

#3 Sijali Tena

Chai hii. Hakuna bosi wa Nairobi anayeuliza "ulikuwa unajua" bila kutukana.

#4 Mtoto wa Korogwe

@Sijali Tena mkuu, ningetukanwa ningelala vizuri.

#5 Mrembo wa Machakos

Mleta mada, mimi si yule bosi wako lakini ningeweza kuwa yeye. Wacha nikupe upande wa pili.

Nilikaa Dar miaka 3, nilitumwa na kampuni yetu kufungua tawi. Siku ya kwanza nikaingia ofisini nikauliza, "Ile ripoti ya mwezi iko wapi? Nipe nione." Kimya. Kijana akanyanyuka akaniletea, anatabasamu. Nikajua mambo iko sawa. Na nikaendelea hivyo: nipe faili, nipe funguo, nipe namba ya fundi. Kila mtu anatabasamu. "Karibu dada. Pole na foleni dada. Pole na jua." Nikapigia mama yangu simu nikamwambia hawa watu ni wazuri ajabu, hakuna mtu amewahi kunikasirikia.

Miezi sita baadaye niko jikoni na dada wa usafi tunaosha vikombe. Tulikuwa tumezoeana. Akaangalia mlango, akaniambia kwa sauti ndogo, "Dada, usinielewe vibaya. Wanakuita Dada Nipe."

Miezi sita! Watu wazima kumi na mmoja, nikiingia ni karibu dada, nikitoka ni Dada Nipe. Hakuna hata mmoja aliona vizuri kuniambia. Ningeambiwa siku ya pili ningebadilika siku ya tatu, kusema "naomba" hainigharimu kitu. Kwa hivyo ukiuliza nani amekosea mwenzake, mimi nakuuliza: hiyo heshima ya kunyamaza ilikuwa inamlinda nani? Bosi wako alipoteza vitunguu. Mimi nilipoteza miezi sita.

#6 Kibanda Umiza

Dada Nipe!!! Nimeanguka kwenye kiti nilichokiweka mwenyewe.

Na mimi nina yangu. Mfanyakazi mwenzetu Mkenya aliingia asubuhi amejaa furaha, "Jamani, bibi yangu amejifungua mapacha." Sisi tukabaki tunaangaliana, huyo bibi ana miaka mingapi? Mama mmoja wa uhasibu akasema Mungu ni mkubwa, akaanza kuchangisha. Tumefika hospitali ndipo tukaelewa ni mke wake.

#7 Sijali Tena

Mnazunguka mbuyu. Wakenya ni wababe, Watanzania tuna adabu, kila mtu anajua hilo. Uzi ufungwe.

#8 Kibanda Umiza

@Sijali Tena adabu ipi mzee? Panda mwendokasi Kimara saa 12 asubuhi halafu uje uniambie nani kasema samahani. Tunasukumana kimyakimya, kwa amani.

#9 Mwalimu Mstaafu

Vijana, msisingizie damu. Upole huu wa maneno haukushuka na mvua.

Mimi ni wa Bukoba, sekondari nimesoma Tabora. Bwenini kitanda cha juu yangu alikuwa Mmakonde, cha pembeni Mnyakyusa, na mlangoni Mpare aliyekuwa analinda ndoo yake kama benki. Huyo wa juu simjui mila zake, sijui kwao mdogo anamwambiaje mkubwa, sijui neno gani kwao ni tusi. Nitaanzaje kumwamrisha? Naanza na "samahani", naanza na "naomba". Serikali ilipofanya Kiswahili kuwa lugha ya shughuli zake mwaka 1967 na viongozi wakawa wanaitana "ndugu" majukwaani, ikawa ndiyo sauti ya nchi. Tulikuwa wageni watupu tuliolazimika kulala chumba kimoja, na lugha ikachukua tabia ya mgeni: inabisha hodi kabla ya kila jambo.

Wenzetu Kenya Kiswahili kiliwafikia kwa milango mingine. Shuleni kiliwekewa mtihani wa lazima na mfumo wa 8-4-4 ulioanza 1985. Mjini ni cha matatu, cha soko, cha kambi ya ujenzi. Kwa hiyo mtu ana Kiswahili cha insha na Kiswahili cha kondakta. Kile cha katikati, cha kuombea chumvi mezani, hakukihitaji, maana chumvi anaiomba kwa lugha ya kwao.

Ndiyo maana Mtanzania akimpima Mkenya adabu kwa Kiswahili, anampima mtu akiwa bado na ovaroli la kazini.

#10 Mrembo wa Machakos

@Mwalimu Mstaafu shikamoo mwalimu. Hapo umenishika.

Nikiongea Kikamba na watu wazima kwetu mimi ni mtu mwingine, hata sauti yangu inashuka. Tuko na neno, nthoni. Ni haya na heshima ya wakwe kwa pamoja. Baba yangu hadi leo akisikia mama mkwe wake anakuja kwa njia, anatafuta njia ingine. Si kwa ubaya, ni nthoni. Sasa wale wa ofisi ya Dar wangeniona nikiwa Machakos kwa nyanya yangu wangesema huyu si Dada Nipe. Lakini hawangeniona, kwa sababu hiyo adabu siwezi kuivuka nayo mpaka. Kwa Kiswahili sikupewa. Niliambiwa ngeli ya LI-YA na methali mia moja za kumbukumbu.

#11 Bin Mvita

Nawasomeni nyote tangu jana. Mwasema "Kenya, Kenya", mleta mada amekaa Nairobi. Na ashuke Mombasa, aingie Mji wa Kale, amwambie mama wa mahamri "nipe" kavu. Hatamtukana. Atamwita mwanangu, kisha atamuuliza kwa upole kabisa amelelewa wapi. Bora utukanwe.

Na hicho Kiswahili sanifu ambacho Dar na Nairobi mwagombania, mwaka 1928 wakoloni wa Kiingereza walikutana hapahapa Mombasa wakachagua cha Unguja. Kikao chetu, lugha ya jirani. Sina kinyongo, mimi mtu mzima, ila mjukuu wangu mwaka jana aliandika "ndia" kwenye insha, mwalimu wake akamkata alama. Ndia ni njia, twasema hivyo tangu mababu. Mtoto akaja nyumbani na daftari, akaniuliza, "Babu, kwani sisi nyumbani twasema makosa?"

Nilimwambia aende akacheze. Sikuwa na jibu.

#12 Mtoto wa Korogwe

@Bin Mvita shikamoo mzee. Naomba radhi, kweli nimeandika kama vile Nairobi ndiyo nchi nzima. Na mimi mwenyewe ni Mzigua, nyumbani neno likinitoka la Kizigua darasani kilikuwa kicheko. Lakini sikuwahi kukatwa alama kwa Kiswahili changu. Hilo la mjukuu limeniuma.

#13 Papa Kivu

Jambo wote.

Nimeanza na Jambo makusudi. Mimi mutu wa Goma, nakuyaka Kariakoo mara tatu ine kwa mwaka kununua vitenge na vyombo. Kwetu Jambo njo salamu ya kweli. Unaingia kwa nyumba ya mutu, unasema Jambo, anakujibu Jambo sana, munakaa. Sasa mara ya kwanza Dar nimeingia kwa duka nimesema Jambo, kijana ya duka akanijibu kwa Kiingereza! Nikamuambia mi najua Kiswahili. Akaendelea na Kiingereza, na akaongeza bei. Alifikiri mi ni mutalii. Mutalii mweusi na gunia kwa kichwa.

Hata mukisema "naomba", kwetu ni neno ya kanisani, unaomba Mungu. Mutu tunamuambia "unipatie". Unipatie mayi, unipatie nafasi. Iko na heshima yake. Leo Kongo iko ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022 na bado kwa duka ile nikifika nafanyaka kama Mutanzania: "Mambo kaka, za leo?" Bei inashuka. Lakini njiani kurudi, basi ikivuka kwetu, nasema Jambo ya kwanza na nasikia mwili inapumuzika.

#14 Kibanda Umiza

@Papa Kivu kaka, niambie ni duka gani niende nikagombane. Na kuanzia leo hapa jukwaani nikikuona ni Jambo. Jambo sana.

#15 Karafuu Kavu

Mie niko Muscat, wazee wangu waliondoka Unguja baada ya 1964. Nyumbani Kiswahili, nje Kiarabu, na mitaani wenyewe wanatwita Wazanzibari ijapokuwa pasi zetu ni za Oman. Nilipokwenda Unguja nikaitwa Mwarabu. Nshazoea.

La kwangu ni kuhusu hiyo "nitajitahidi". Kwetu ni "inshallah", na zipo tatu. Ya kwanza ni ya kweli, mtu atakuja. Ya pili ni labda. Ya tatu ni "usinisumbue", na hiyo wanaivuta ile "a" ya mwisho mpaka unasikia imechoka. Mamangu anazitofautisha kwa simu hata mtandao ukiwa mbovu. Mwanangu aliyekulia Leeds hajui hata moja. Mjomba wake alimwambia inshaallaaah atamchukua pwani, mtoto kakaa kizingitini na taulo toka saa nane mpaka magharibi.

Kosa la nani? Mjomba anasema mtoto hajafunzwa lugha. Mtoto anasema mjomba mwongo. Mie nilimpeleka pwani siku ya pili.

#16 Mrembo wa Machakos

@Karafuu Kavu huyo mtoto na taulo ni yule bosi wa vitunguu.

@Mtoto wa Korogwe bado haujajibu. Kwa nini haukumwambia tu?

#17 Mtoto wa Korogwe

Nitajibu kwa ukweli, maana hapa hakuna anayeniona.

Ningependa kusema ni heshima. Nusu yake ni kweli. Kwetu ukimwambia mkubwa hapana mbele yake unakuwa kama umemsukuma kifuani. Marehemu babu alikuwa akiombwa shamba la kukodi asilotaka kutoa, anasema, "Tulale kwanza." Mwombaji anashukuru, anaondoka, harudi tena. Wote wawili wanapita sokoni wanasalimiana. Nimekua naona hivyo na bado naona ni kitu kizuri.

Lakini babu na yule mwombaji walikuwa wanajuana miaka arobaini. Yule mama ananijua miezi kadhaa. Nilimpa fumbo nikijua, au ningepaswa kujua, kwamba ufunguo hana. Na nusu nyingine ni hii: niliogopa. Nilijua akiuliza "kwa nini" ningelazimika kusema kwamba nilichelewa kumpigia wakala siku mbili. "Nitajitahidi" ilinifichia na hilo. Kwa hiyo dada Machakos, uliuliza kunyamaza kulikuwa kunamlinda nani. Kwangu kulikuwa kunanilinda mimi, na huko kunyamaza nikakupa jina la adabu.

Nilimfuata ofisini Ijumaa iliyopita nikamweleza yote, mpaka la wakala. Nikamfafanulia na "nitajitahidi" ya kwetu ikoje, macho yawe wapi, sauti iwe ya kiasi gani. Alisikiliza kama mtu anayefundishwa kuendesha gari la gia. Mwisho akasema, "Kwa hivyo nikikuuliza kitu na uangalie chini, nisitume gari." Nikasema ndiyo. Akaniuliza: "Hiyo ndiyo ni ya hapa ama ya Korogwe?"

Sasa ndiyo utani wetu. Kila akiuliza jambo anamalizia, "Ya hapa ama ya Korogwe?" Mara mbili nimemwambia "Ya Korogwe, bosi", akacheka, akasogeza tarehe. Na yeye ameanza kuniambia "Habari ya asubuhi" kabla ya kuuliza mzigo. Anaisema haraka haraka, kama anameza dawa, lakini anaisema.

#18 Mwalimu Mstaafu

Umeandika vizuri, mwanangu. Na gharama ya vitunguu je?

#19 Mtoto wa Korogwe

Nakatwa kidogo kidogo kwenye mshahara, mwalimu, mpaka mwezi wa kumi. Hilo hatukulitania.

#20 Sijali Tena

Nilisema uzi ufungwe lakini nimeusoma wote. Mleta mada, Kiswahili chako chenyewe kimebaki salama huko?

#21 Mtoto wa Korogwe

Jana usiku nimepiga simu nyumbani. Mama akapokea, nilikuwa nina haraka, salio linaisha. Nikamwambia, "Mama, nipe mzee niongee naye."

Kimya. Nasikia redio yao kwa mbali.

Kisha akauliza, taratibu kabisa, "Samahani, naongea na nani?"